Nilidanganya Kuhusu Senti Zenye Shimo

Wasee, kuna video yangu moja ilitazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka hapa. Nilisimama karibu na wauzaji miraa hapa Mikinduri, nimeshika senti kumi ya zamani, ile ya shimo katikati, nikasema hivi: kama nyumbani kwenu kuko na sarafu ya 1936, usiitupe, hiyo ni nusu milioni. Nikamalizia na "waulize wazee wenu usiku wa leo". Watu wakauliza wazee wao kweli. Komenti zilijaa picha za makopo, vibuyu na mifuko ya shanga.

Video hiyo nimeitoa. Leo nataka kueleza kwa nini, na papo hapo niseme yale ningetamani mtu aniambie mimi kabla sijaanza kukusanya sarafu za kale. Itakuwa ndefu kidogo. Na mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msiniite profesa. Haya yote nimeyajua kwa kusoma usiku na kwa kuchomwa pesa mchana.

Siku nne baada ya video, mama mmoja jirani alikuja kwetu na kopo la maziwa ya unga. Mama huyu ananijua tangu nikiwa natembea bila suruali. Anauza ndizi sokoni. Ndani ya kopo kulikuwa na sarafu 63 zimetungwa kwenye waya, waya wenyewe umeshika kutu. Aliachiwa na mama mkwe wake. Kitinda mimba wake alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi, na pesa ya kuanzia ilikuwa haijapatikana.

"Kijana wangu," akaniambia, "nimeangalia na miwani. Za 1936 ziko tatu. Hiyo si milioni na nusu?"

Nikamwambia, "Karibu kiti, mama." Sikuwa na jibu lingine.

Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo. Najua sura ya mtu ambaye tayari amegawanya pesa kichwani, hii ya shule, hii ya paa, hii ya deni la dukani. Nikaona hiyo sura, na ni mimi niliyeiweka pale.

Tukatandika gunia kwenye baraza, tukafungua waya, tukaanza kupanga. Basi tuanzie hapo, kwenye gunia, kwa sababu karibu kila nyumba ya Tigania na Igembe yenye sarafu za zamani iko na hizi hizi.

Hizi senti za shimo hazikuwa za Kenya peke yake. Zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambayo Waingereza waliiunda London mwishoni mwa 1919, ndiyo maana utaona zimeandikwa EAST AFRICA na sio Kenya. Zilitumika Uganda, Tanganyika, na baadaye Zanzibar. Kwa hivyo senti kumi ya juju wako inaweza kuwa ilianza safari Tabora au Kampala kabla ya kuishia kwa mfuko wake wa shanga. Shimo lilikuwa la kutungia kamba. Watu wengi hawakuwa na nguo za mifuko, na sarafu bila mfuko hupotea. Pembeni mwa namba utaona pembe mbili za ndovu. Juu kuna taji. Kuzunguka kuna jina la mfalme kwa Kilatini, herufi V ikisimama mahali pa U, kwa hivyo usishtuke ukisoma GEORGIVS.

Jina hilo ndilo linakuambia mengi. George wa Tano yuko mpaka 1936. George wa Sita anaingia 1937. Mpaka 1946 jina lake lilifuatwa na maneno ya kwamba yeye pia ni mfalme mkuu wa India. India ikapata uhuru 1947, na kuanzia sarafu za 1948 hayo maneno hayapo. Fikiria hilo. Dola nzima imepoteza India, na habari imefika Mikinduri ikiwa kwenye senti kumi, na pengine hakuna aliyeisoma. Halafu kuna Malkia Elizabeth miaka ya hamsini. Halafu kuna ile ninayoipenda kuliko zote, ya 1964: pembe za ndovu ziko, taji halipo, jina la mfalme wala malkia halipo. Nchi zilikuwa zimeshapata uhuru lakini pesa zao zenyewe zilikuwa bado.

Chini au pembeni ya tarehe wakati mwingine kuna herufi ndogo sana. H ni kiwanda cha Heaton, Birmingham. KN ni Kings Norton, huko huko Birmingham. Ukipata SA imefuliwa Pretoria, na I ni Bombay. Hizi mbili za mwisho utazikuta sana kwenye sarafu za wakati wa Vita vya Pili. Herufi moja na umejua vita vilifika hadi kwenye chenji.

Sasa 1936. Mwaka huo Uingereza ilikuwa na wafalme watatu. George wa Tano alikufa Januari. Mwanawe Edward wa Nane akachukua, na Desemba akaacha kiti kwa sababu alitaka kumuoa mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa ameshaachika. Ndugu yake akawa George wa Sita. Huko kwao sarafu zenye uso wa Edward hazikupata kutolewa kwa watu, zilibaki chache za majaribio, na hizo ndizo zinauzwa kwa mamilioni kwenye mnada. Hapo ndipo mimi nilipochanganya mambo. Nilisoma habari ya sarafu ya Uingereza nikaiweka kwenye senti ya Mikinduri.

Senti zetu zilikuwa na shimo. Penye shimo uso haukai. Kwa hivyo kilichohitajika ni jina tu, EDWARDVS VIII, na viwanda vilikuwa vimeshafua senti tano na senti kumi za jina lake kwa mamilioni, zikaletwa, zikatumika. Mfalme ameondoka, chenji yake inanunua chumvi. Ni hadithi tamu sana, hata sasa naisimulia kwa raha. Lakini hadithi adimu sio sarafu adimu. Kitu cha mamilioni, kilichokwaruzwa kwenye waya miaka sitini, kinauzwa kwa bei ya soda chache, na hiyo ni ukimpata mtu anayeitaka.

Na ile nusu milioni niliitoa wapi? Kwenye tangazo. Mtu ameweka sarafu yake mtandaoni, ameandika bei anayoota. Mimi nikaichukua kama bei ya soko. Ndugu yangu, mtu anaweza kuandika ng'ombe wake ni milioni kumi, hakuna anayemkataza kuandika. Bei ni ile mnunuzi alilipa akaenda na kitu. Siku hizi nikitaka kujua, natafuta minada iliyokwisha, sio matangazo yanayongoja.

Nikiwa hapo, kuna watu wanajibu hizi video wakisema wananunua sarafu za shimo kwa laki, utume tu ada ndogo ya usajili kwanza. Mnunuzi wa kweli hakuombi pesa. Chini ya video yangu walikuwepo, na mimi nilikuwa nimewaandalia uwanja. Sitajua ni wangapi walitumwa pesa siku hizo.

Nilichomfanyia mama nilikuwa nimeshafanyiwa mimi, na hapa ndipo niongee kuhusu kitu kinachosumbua kila anayeanza: sarafu iliyofuliwa upya, na sarafu feki. Watu wanadhani ni kitu kimoja.

Mwaka juzi nilinunua sarafu kubwa ya fedha kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, shilingi 4,500. Upande mmoja mama mnene mwenye ushungi, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili, na tarehe 1780. Nililala nayo chini ya mto. Nikajiona nimeshika kitu cha kabla ya nchi hii kuwa nchi. Asubuhi nikaisogeza karibu na sumaku ya spika mbovu. Ikaruka ikaganda.

Huyo mama ni Maria Theresa, aliyetawala Austria, na alikufa 1780. Lakini sarafu yake ilikuwa imependwa sana Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu. Wafanyabiashara walikuwa wameizoea, walijua uzito wake, walijua vito vya kwenye bega lake, na sarafu ya tarehe nyingine waliikataa. Basi Vienna wakaendelea kuifua vile vile, na tarehe ile ile ya 1780, mwaka baada ya mwaka. Mussolini alipotaka kuivamia Uhabeshi 1935 alihitaji hizo sarafu, akapata mihuri yake kutoka Austria na kuzifua Roma. Waingereza wakaona wasibaki nyuma, wakafua London, na wakati wa vita wakafua Bombay. Hata leo Vienna wanaziuza. Zote 1780. Zote za fedha ya kweli, gramu 28 na kidogo.

Kwa hivyo kuna ngazi tatu hapo. Kuna ya kale kweli, ambayo wataalamu huitambua kwa vitu vidogo kama idadi ya manyoya ya mkia wa tai. Kuna iliyofuliwa upya na kiwanda halali, ambayo ni fedha halisi na ina historia yake, na pengine ilivuka bahari na jahazi miaka ya thelathini. Na kuna yangu, chuma kilichopakwa rangi. Ya pili sio uongo, ili mradi anayekuuzia akwambie ni ya pili. Hiyo ndiyo tofauti ya nakala na feki: nakala inakuwa feki mdomoni mwa muuzaji. Tangu siku hiyo sinunui tarehe. Nauliza lini ilifuliwa, wapi, na wewe uliipata vipi. Akianza kupandisha sauti, nafunga simu.

Na kabla ya kuondoka kwa huyo Maria Theresa, kuna jambo lilinifanya nisimame katikati ya usiku. Hapa Mikinduri wazee wanaita senti hamsini thumuni. Thumuni maana yake ni sehemu moja ya nane. Sasa, senti hamsini ni nusu ya shilingi. Nane inatoka wapi? Piga hesabu: hamsini mara nane ni shilingi nne. Na shilingi nne ni rupia mbili kwa ile hesabu ya rupia moja kwa shilingi mbili. Na huko Zanzibar karne ya kumi na tisa, reale moja, yaani huyo huyo mama mwenye ushungi, ilikuwa kama rupia mbili na kidogo. Thumuni ni nane ya reale! Juju wangu hajawahi kuona reale maisha yake yote, hajawahi kufika hata Malindi, lakini anaihesabu kila akiongea. Hiyo ndiyo sarafu ya kale kuliko zote hapa kijijini, na iko mdomoni, huwezi kuifua feki.

Feki zingine utakutana nazo. Ya kuogopa kabisa ni ya dhahabu ya Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa Tanganyika, meli hazipiti, pesa zimeisha. Wakafungua kiwanda kwenye karakana ya reli pale Tabora, wakachukua dhahabu ya Sekenke, wakafua sarafu za rupia 15: ndovu ameinua mkonga, mlima uko nyuma yake. Zilikuwa elfu kumi na kitu tu. Pia walifua heller za shaba, na hizo ni mbaya mbaya, zimepinda, ukiziangalia unaona kabisa watu waliokuwa na haraka. Ndovu wa dhahabu ni mzuri mno, kwa hivyo ameigwa na kila mtu. Mtu akikuonyesha sokoni ati babu yake aliichukua kwa Mjerumani, mpe pole, muage. Hizo heller za shaba ndizo ningemshauri anayeanza azitafute. Ni za karakana ile ile na mwaka ule ule, na mara nyingi hakuna anayehangaika kuziiga.

Mnaweza kuuliza, kama hakuna utajiri, kwa nini ukusanye? Nitajibu kwa sarafu moja, florini ya 1920. Hii ndiyo ningemwambia kila mtoto wa Kenya aishike mara moja.

Kabla ya shilingi tulikuwa tunatumia rupia ya India. Waingereza walipofungua boma Meru mwaka 1908, wakati wa Horne ambaye wazee walimwita Kangangi, kodi ya nyumba ilihesabiwa kwa rupia. Huna rupia, nenda katafute kwa mzungu wa shamba. Kwa sheria rupia 15 zilikuwa pauni moja. Vita vya Kwanza vikapandisha bei ya fedha na rupia ikapanda nayo, na mwaka 1920 serikali ikaifunga kwa shilingi mbili za Kiingereza. Sasa rupia 10 zikawa pauni. Ona kilichotokea kwa mlowezi aliyekopa rupia 15,000. Jana ilikuwa deni la pauni 1,000. Leo akiamka ni 1,500, na hajakopa hata senti. Wakapiga kelele. Florini ikaletwa ichukue nafasi ya rupia, mfalme amevaa taji upande mmoja, simba na milima upande wa pili. Haikumaliza hata miaka miwili. Mwaka 1921 ikaja shilingi, florini moja kwa shilingi mbili, na florini zikarudishwa kuyeyushwa. Hata fedha ilipunguzwa: florini ilikuwa nusu fedha, shilingi mpya robo tu.

Lakini walowezi walikuwa na njia nyingine ya kufidia hasara. Mwaka huo huo wa 1921 walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Mtu anachuma kahawa ile ile, anabeba kipande shingoni, kodi imepanda, na mshahara umekatwa kwa sababu ya hesabu iliyofanywa London. Hapo ndipo Harry Thuku na vijana wenzake walipoanza kuita mikutano Nairobi, na Machi 1922 watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi alikofungiwa. Vitabu vya shule vinakupa Thuku, vinakupa kipande, vinakupa kodi. Sikumbuki mwalimu akitaja florini. Mimi nilikutana nayo kwenye kijitabu cha bei za sarafu, nikashangaa kwa nini ina tarehe moja au mbili tu halafu inapotea. Nikaanza kuuliza. Ndio maana ninakusanya. Kila sarafu iliyodumu muda mfupi kuna mtu alilia mahali.

Florini sio rahisi kupata, na ikiwa safi ni ghali kweli, kwa hivyo hiyo pia inaigwa. Anayeanza asianzie hapo. Anzia na za Jamhuri. Benki Kuu yetu ilifunguliwa 1966 na sarafu za kwanza za Kenya zikatoka mwaka huo. Uso wa Mzee upo, lakini hakuna maneno kuzunguka. Kuanzia 1969 wakaongeza maandishi ya kumtaja kama rais wa kwanza. Ziweke mbili kando kwa kando uone. Halafu tafuta senti 25, ambayo iliisha 1973 na vijana wengi hawajui kama ilikuwepo. Tafuta shilingi mbili. Tafuta ile shilingi tano ya 1973 yenye pande tisa, ya miaka kumi ya uhuru, na shilingi 40 ya Kibaki ya 2003. Malizia na twiga, kifaru, simba na ndovu za 2018, ambazo hazina rais kwa sababu Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu kwenye pesa. Mkusanyo huo wote ni historia ya nani aliruhusiwa kukaa kwenye pesa yetu na kwa muda gani. Na nyingi utazipata kwa makopo ya nyumbani bila kutumia kitu.

Noti ya elfu ya zamani, ile iliyokufa 30 Septemba 2019? Usiniletee. Zaidi ya noti milioni 7 hazikurudi Benki Kuu. Ziko kwa magodoro. Wajukuu wako labda.

Mambo machache ya mikono, harakaharaka. Nunua mizani ndogo ya wauza vito, uzito ndio feki nyingi hukosea. Angalia ukingo kwa jua: ukiona mstari wa kuungana au vitundu kama vya chapati, imemiminwa kwenye kalibu, haikufuliwa. Sumaku isishike fedha wala shaba, lakini usiitumie kuhukumu sarafu za Kenya za siku hizi, nyingine zina chuma ndani na ni halali kabisa. Shika kwa ukingo. Weka kwenye bahasha ya karatasi kavu, sio kwa plastiki laini inayonuka, hiyo hutoa jasho la kijani.

Na usioshe. Tafadhali. Mimi nilikuwa na shilingi ya 1922, ilikuwa na rangi ya wingu la mvua, nikaisugua na majivu na ndimu mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Nikampelekea mzee mmoja anayekusanya tangu kabla sijazaliwa. Akaitazama, akanitazama, akaniuliza, "Baite, hii uliikosea nini?" Ile rangi ilichukua miaka mia kuja. Niliitoa kwa dakika tano.

Turudi kwa gunia. Tulipanga zote 63. Nyingi zilikuwa za miaka ya hamsini, senti kumi na senti tano. Za Edward zilikuwa tatu kweli, mama hakukosea kusoma. Moja ya SA. Moja ya 1964. Nikamweleza polepole, nikamwonyesha kwenye simu zile za mnada na zile za kwetu. Nikamwambia, mama, zote pamoja haziwezi kununua hata godoro la hosteli. Nilikosea. Nilisema uongo nikiwa najua nusu ya jambo.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alinyamaza, kisha akaniambia mama mkwe wake aliweka hizo senti akiuza njahi, akitaka kununua mbuzi. Akawa mgonjwa muda mrefu. Alipopona na kwenda nazo dukani, muuza duka akamwambia hizo zimekufa, ni za mzungu, siku hizi ni za Kenyatta. Hiyo ni mwishoni mwa miaka ya sitini, sarafu za Bodi zilipoondolewa. Akatunga kwenye waya akaning'iniza ukutani. "Alikuwa anasema huyo ni mbuzi wake," mama akaniambia. "Sisi tulidhani ni mzaha wa uzee."

Akachukua ile ya 1964, ambayo ndiyo mwaka mume wake alizaliwa, akaifunga kwenye kona ya leso. Zingine tukazirudisha kwenye waya, waya mpya, ule wa zamani ulikatika. Nilimwomba nimlipe nizinunue zote. Akakataa. Amesema mbuzi hauzwi mara mbili.

Msichana bado yuko nyumbani, amesukumwa hadi wanaoingia Septemba. Jumamosi hii kuna harambee yake kanisani. Ile video kabla sijaitoa ilikuwa imeniingizia shilingi 3,870, nimeshaipeleka. Mimi nitakuwa pale mlangoni na meza ndogo, mizani na taa. Mwenye kopo nyumbani alete, nitamsomea bure na nitamwambia ukweli hata kama hataupenda, na akijisikia kutoa kitu, kikapu cha karo kitakuwa kando yangu. Lakini mje nazo na uchafu wake.